Wifi na Mtu wa Viungo

Nianze na kosa langu, kwa sababu huenda wewe unayesoma unalifanya leo hii. Niliambiwa nina presha, nikapewa vidonge, nikavimeza mwezi mmoja, nikajiona mzima, nikaviacha juu ya kabati. Sikuumwa kichwa wala sikuona kizunguzungu. Nilikuwa nabandika sufuria la kilo ishirini za mchele bila kumwita mtu. Nikasema hao madaktari wana yao.

Naitwa Tausi, ni mpishi wa shughuli hapa Msata. Harusi, hitima, maulidi, popote panapotakiwa pilau ya watu mia tatu, naitwa mimi. Asubuhi moja mwishoni mwa vuli nilikuwa uani nachagua mchele wa harusi ya jirani, mkono wa kulia ukafa ganzi. Nikadhani nimeulalia vibaya. Nikaendelea kuchagua kwa wa kushoto huku nikiutukana ule mwingine kimoyomoyo, mpaka mume wangu alipopita akaniuliza chai iko wapi. Nilimjibu kwamba iko jikoni. Yeye alisikia sauti ya mtu mwenye maji mdomoni, akaniangalia kwa woga ambao sijawahi kuuona usoni kwake. Nilipotaka kusimama, mguu haukuwepo.

Walinipakia kwenye gari la jirani mpaka hospitali, Bagamoyo mjini. Tulipopunguza mwendo pale Kiwangwa, wauza nanasi wakakimbilia dirishani kama kawaida yao. Nilitaka kuwaambia hatununui, mate yakanichuruzika mpaka kwenye kanga. Nilikuwa sijui naumwa nini, nilijua tu kwamba nimeaibika.

Nililazwa siku kumi na moja. Ya kwenye ubongo sitayaeleza, yana wenyewe. Nitaeleza niliyoyaona mimi. Usiku wa kwanza nilipapasa kitandani nikakuta mkono wa mtu, mzito, wa baridi, nikamwita nesi aje amtoe mgonjwa waliyemlaza na mimi. Ulikuwa wangu. Mwanangu Zaituni, anayefundisha shule Chalinze, nilimwomba kioo, akaniambia amesahau. Siku ya pili akasahau tena. Siku ya tatu nikaelewa kwamba uso umekwenda upande.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa uso. Kiswahili chetu kinauita mkono wa kulia kwa sababu ndio tunaolia chakula, na ule wa kushoto una kazi zake ambazo kila mtu anazijua. Mtu mzima wa pwani haupeleki wa kushoto kwenye sinia. Mimi niliyelisha watu tangu nikiwa msichana, nikawa nalishwa kwa kijiko, nafutwa kidevu. Tangu wodini nikajiambia kwamba kutembea nitatembea Mungu akipenda, lakini nilichokitaka kuliko vyote ni kukaa kwenye sinia na wenzangu nile kwa mkono wangu.

Niliporudi nyumbani alikuja wifi yangu Sikudhani kutoka Mkange, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi ni mkandaji. Wanawake wa Mkange wakijifungua, yeye ndiye anayewakanda kwa maji ya moto siku zote arobaini, na mikono yake ina nguvu ambayo hata mwanamume ataiheshimu. Alifika na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu, akajifunga kibwebwe, akatangaza kwamba kabla ya masika nitakuwa nacheza ngoma. Aliniogesha, alinisuka, alinilisha tonge moja moja. Na kila akitaka kuniinua, alinishika mkono mgonjwa akavuta. Aliuvuta pia asubuhi na jioni ili unyooke. Mimi nilipiga kelele, yeye akasema kelele ni dalili ya damu kurudi.

Sasa niseme habari ya viungo. Daktari alikuwa amemwambia mume wangu, "Jumatatu mleteni kwa mtu wa viungo." Mume wangu ni mkulima wa ufuta na maneno hana mengi. Akaufikisha ujumbe kwa dada yake kama alivyoupokea: "Jumatatu anatakiwa kwenye viungo." Katika nyumba ya mpishi wa pilau, ukisema viungo umesema iliki na mdalasini. Wifi hakuuliza mara mbili. Yeye mwenyewe anatibu watu kwa karafuu na tangawizi, kwa hiyo aliona hatimaye hospitali wamepata akili. Jumapili nzima alishinda akichambua na kufunga. Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini.

Jumatatu tukakaa kwenye benchi nje ya chumba hicho, mimi, mume wangu, na wifi aliyepakata furushi. Benchi lile nililijua vizuri baadaye. Kuna mzee mmoja mwenye mguu wa bandia ambaye alisalimia kila anayefika na kumpisha mahali, na mama mmoja mgonjwa wa nyonga aliyejua ugonjwa wa kila mtu kuliko daktari. Chumbani mlikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, kioo kirefu, mpira mkubwa, na ngazi ya mbao ya vidato vitatu inayopanda na kushuka bila kufika popote. Wifi akaitazama ile ngazi, akaninong'oneza, "Fundi aliishiwa mbao."

Mtaalamu alikuwa binti mdogo tu, Neema, mzaliwa wa Mbeya.

"Shikamoo mama."

Nilitaka kusema marahaba, ikatoka kitu kingine. Akaipokea kama marahaba.

Wifi akaweka furushi mezani, akalifungua. "Hivi hapa. Vyote vizima, sijatwanga. Binzari nyembamba nimeongeza mwenyewe."

"Ni nini hivi, mama?"

"Si mmesema viungo?"

Neema alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakalia ule mpira. Mume wangu akatazama viatu vyake. "Mama yangu," Neema akasema akigusa kiwiko chake, kisha goti, "mimi ni mtu wa viungo hivi."

"Sasa si mngesema maungo!" wifi akamjibu kwa hasira. "Kiswahili mnakijua au hamkijui?"

Neema akaomba radhi kabisa, kwa adabu. Halafu akauliza mgonjwa alikuwa anafanya kazi gani. Alipoambiwa ni mpishi, hakulirudisha furushi. Alilimwaga lote kwenye sinia la bati, akavuruga, akaniwekea mbele. "Mama, zamani tungekupa mpira ubinyebinye. Siku hizi tunajua mkono unajifunza upesi kwenye kazi unayoifahamu. Nichagulie iliki."

Sikuweza. Vidole vilikaa juu ya karafuu kama vya maiti. Lakini niliitazama iliki moja, nikaitamani, na kidole gumba kikatikisika. Neema alikiona kabla yangu.

Kisha akapapasa bega, uso wake ukabadilika. Akachukua kidole changu cha mkono mzima akakiweka chini ya ncha ya bega. Palikuwa na shimo, kidole kinaingia.

"Nani anauvuta huu mkono?"

Akaeleza kwamba bega lililopooza halina nyama za kulishikilia, ukilivuta linachomoka kidogo kidogo, na maumivu yake yanaweza kumfanya mgonjwa achukie mazoezi yote. Hakumtaja mtu. Wifi akaanza kukusanya kanga zake.

Mimi ndiye niliyemtaja. Njiani kurudi, kwa ulimi wangu mzito, nilimwambia wifi maneno matatu ambayo yalitoka safi kuliko yote niliyosema tangu niugue: "Wewe ndiye uliyeniharibu." Kesho yake asubuhi wifi aliniogesha, akanilisha uji mpaka ukaisha, akafunga mzigo wake akarudi Mkange. Hatukuagana.

Nililia siku ile, na sikulia kwa ajili ya bega.

Masika yakaingia. Barabara ya kwenda Bagamoyo ni ya lami na haina shida, shida ilikuwa mimi: kushuka, kupanda, watu kusimama wakiniangalia. Neema akaona kwenda kila wiki kutanichosha. Akasema tuwe tunakwenda mara moja kwa mwezi, siku nyingine tufanye kwa simu ya video. Mume wangu alikuwa hajawahi kushika simu ya namna hiyo. Zaituni akamwachia ya kwake ya zamani na maelekezo, na kila Jumatano saa nne tukaegemeza simu kwenye kopo la sukari.

"Baba, shusha simu, naona bati tu."

Anashusha.

"Sasa naona kuku."

Ndivyo tulivyofanya mazoezi. Neema akiwa Bagamoyo aliona bega langu likipanda nikinyoosha mkono, akalikemea. Mtandao ukikatika, aliganda mdomo wazi, na mume wangu akamngojea kwa heshima bila kuzungumza.

Kulikuwa na zoezi la kioo. Unaweka kioo katikati, mkono mgonjwa unafichwa nyuma, mkono mzima unauchezesha mbele huku ukitazama kioo tu. Unachokiona ni mkono wako wa kulia ukifungua na kufunga. Mara ya kwanza niliona ni mazingaombwe. Mara ya pili nilikaa nao nusu saa nzima, maana nilikuwa nimeukumbuka. Mume wangu aliponiita, nilimwambia angoje, niko na mgeni.

Mwezi wa Ramadhani sikufunga. Watu walifuturu barazani, mimi nilipewa chakula changu ndani, nyuma ya pazia, kwa ombi langu mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kula kwa mkono wa kushoto na sikutaka jicho la mtu. Mungu hana neno na mgonjwa, najua, imamu aliniambia. Aibu haikumsikiliza imamu. Nilisikia masinia yakigongana nje, watu wanasifu tambi zilizopikwa na mtu mwingine, nikala haraka nikanawa.

Baada ya Idi, vidole vilipoanza kufunguka kidogo, Neema akatoa dawa kali kuliko zote. Mkono wa kushoto uvishwe soksi, ufungwe, kwa saa mbili kila siku. Katika saa hizo kazi yoyote ifanywe na ule mbovu, ikiwa ni kufunga kifungo, kushika kikombe, kuchagua iliki. Soksi ilikuwa ya kuchezea mpira, ya mume wangu, ya kijani. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa mbele ya sahani ya wali, soksi mkononi, nusu saa imepita na punje hazijafika mdomoni, machozi yananitoka kwa njaa na hasira. Mume wangu akaja, akapiga magoti, akaivua soksi.

"Mama Zaituni, leo pumzika."

"Nimepumzika miezi mitano."

"Siwezi kukutazama hivi."

"Basi usinitazame. Nenda shamba."

Akaenda shamba. Ilikuwa kali, lakini sikujua namna nyingine. Ninyi mnaouguza, nawaambia jambo hili kwa sababu hamtaambiwa na mtu mwingine: tulieni mkae juu ya mikono yenu. Mgonjwa akimwaga, mwacheni amwage. Akichelewa, mngojeeni. Upendo wenu unatulisha na kutuvalisha, na siku moja tunajikuta hatuna mkono. Aliporudi jioni alinikuta nimekula nusu sahani, nusu nyingine iko mkekani. Alichukua ufagio, na soksi ile hakuigusa tena.

Kulikuwa na jirani, mama Rehema, aliyekuja kila Alhamisi kunisuka. Hakuwahi kuniuliza naendeleaje. Alinieleza umbea wa stendi yote, nani kaachwa na nani kaolewa tena, na kwa saa moja nilikuwa mtu wa kawaida mwenye nywele. Wenye wagonjwa wawatafute watu kama hao.

Mwezi uliofuata tulipokwenda hospitali niliweza kuokota iliki saba. Mdalasini niliuvunja. Neema akapiga makofi, na yule mzee wa mguu wa bandia naye akapiga bila kujua kwa nini. Nikamwuliza Neema kama kuna dawa mpya huko mbele. Akaniambia Dar kuna glavu zenye mota zinazofungua vidole, na michezo ya kwenye skrini, unakamata matunda ambayo hayapo. Nikamwambia matunda ambayo hayapo siyataki, nanasi la kweli liko jikoni.

"Vitafika tu huku, mama. Lakini mimi nikiambiwa nichague, nitachagua mtu mmoja katika kila kijiji anayejua kushika bega. Ninyi mnakaa kilomita sitini, wengine mia. Mimi niko mmoja." Akakunja mikanda yake ya mpira. "Yule wifi yako yuko wapi?"

"Kwao."

"Ana mikono mizuri sana. Na watu wanamwamini. Namba yake unayo?"

"Anayo kaka yake," nikasema, nikatazama pembeni. Mume wangu akampa. Sikutaka kujua zaidi.

Ufuta ulipokwisha kuvunwa, wifi akamwoza kitinda mimba wake wa kiume. Kadi haikuja kwa jina langu, ilikuja kwa kaka yake, imeandikwa chini "na familia". Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali nilipo. Kupika sikuombwa, na sikutegemea. Nilitaka kukataa kwenda. Zaituni akaniambia kwamba nikikataa harusi hii, sitakwenda nyingine yoyote, nitakula nyuma ya pazia mpaka nife. Ni mwalimu, amezoea kusema hivyo na watoto wa watu.

Tulifika Mkange kabla ya adhuhuri. Gari liliposimama mume wangu akanyoosha mkono anishushe. Wifi akatokea kwenye kundi la wanawake, mwenye shughuli amevaa dera jipya, akamsukuma kaka yake pembeni. Hakunishika mkono. Aliweka kiganja kimoja nyuma ya bega, bapa, cha pili chini ya kiwiko, akasogeza ubavu wake kwangu.

"Egemea kwangu. Moja, mbili, simama."

Nikasimama. Bega halikulia. Maneno yale niliyajua yalikotoka.

"Nani kakufundisha?"

"Yule mtoto wa Mbeya. Kila Ijumaa ananitumia video. Hapa kijijini ninao wagonjwa wawili sasa, mmoja ameanza kujifunga msuli kiunoni mwenyewe."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa husemi na mimi."

"Wala wewe hukusema."

"Mimi mkubwa," akasema.

Tukatembea hatua chache, fimbo yangu upande mmoja, yeye upande mwingine. Nikamwambia anisamehe kwa lile neno. Akasema neno gani, nilikuvuta, nilikuvuta kweli wifi yangu, nilikuwa sijui. Hapo akageuka, akajifanya anamfokea mtu wa kuni.

Chakula kilipoiva tukakalishwa wanawake saba kwenye sinia moja, mkekani. Mwenye shughuli hali mapema, anazunguka na kuhesabu wageni, lakini wifi aliacha kila kitu akaja kukaa kulia kwangu. Maji yakapitishwa. Nikanyoosha mkono wa kulia, vidole nusu vimekunjika, binti aliyeshika birika akasita kisha akamimina. Mwanamke mmoja wa upande wa bibi harusi, kwa wema tu, akaita, "Mleteeni huyu kijiko."

"Sitaki kijiko," nikasema.

Sinia zima likanigeukia. Nikaupeleka mkono. Tonge la kwanza lilivunjika kabla sijalinyanyua. La pili lilifika kidevuni likaanguka kifuani. Nilihisi wifi amekaza mwili wote, mkono wake uko juu ya goti lake, ameukandamiza kwa ule mwingine. La tatu nililifinya taratibu dhidi ya ukingo wa sinia kama nilivyofanya mazoezini mbele ya simu iliyoegemea kopo la sukari, bega nikaliweka chini, nikafungua mdomo. Likaingia. Karafuu zilikuwa zimezidi. Nikatafuna, nikachota tena.

Tulikula mpaka mwisho. Wenzangu walirudi kwenye mazungumzo yao, na mimi nilikuwa wa mwisho kumaliza. Nilipotazama chini niliona mkeka mbele yangu umejaa wali, punje nyeupe na za rangi, hata kwenye pindo la gauni, uchafu ambao mtu mzima hawezi kuuacha ugenini. Mbele ya wengine palikuwa safi. Nikavuta kanga nizifunike. Wifi akawahi. Bila kunitazama, akiendelea kuzungumza na jirani yake, alipitisha kiganja mkekani akazikusanya punje zote kutoka kwangu, akazimwaga mbele ya magoti yake mwenyewe, akazitandaza.

Wakaja wasichana kuondoa masinia, na shangazi mmoja mwenye mdomo akasimama juu yetu akapiga kofi la kushangaa.

"Sikudhani! Mwenye shughuli mzima, unakula kama mtoto mdogo!"

"Njaa hiyo," wifi akamjibu. "Tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni."